Tuwajue Wabudha kwa Elimu, Si kwa Uvumi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Somo la toleo hili limeandaliwa kwa ajili ya darsa za likizo, hasa kwa wanafunzi wanaorudi nyumbani Rusizi: Mibirizi, Kamembe, Bugarama na vijiji vya jirani. Mada ni Wabudha: walimu wao wameacha nini, jamii zao zinaishije leo, na Muislamu msomi awatazame vipi.

Najua swali litakalokuja kwanza. Wabudha wako wapi Mibirizi? Hapa kuna parokia ya mwaka 1903, kuna hospitali, kuna mashamba ya kahawa ambayo jina la kilima hiki limepewa aina nzima ya buni. Kuna Wakatoliki, Waadventista, Wapentekoste na sisi Waislamu wachache. Mtawa wa Kibudha hapiti sokoni.

Hata hivyo sababu za kulisoma somo hili ni tatu. Ya kwanza, wenzetu wengi wanakwenda kusoma India, China na Thailand, na huko wanakaa chumba kimoja na Wabudha au na watu waliolelewa karibu nao. Ya pili, mafundisho yao yamekwisha kutufikia bila kubisha hodi: kila programu ya simu inayokufundisha kutuliza akili kwa kufuatilia pumzi, na kila semina ya kupunguza msongo wa mawazo kabla ya mitihani, ina mizizi yake kwa kiasi kikubwa katika mazoezi ya watawa wa Kibudha. Ya tatu, jamii za Kibudha zipo Afrika Mashariki. Moja ina umri wa miaka mia na zaidi.

1. Budha na mafundisho yake kwa ufupi

Siddhartha Gautama alizaliwa Lumbini, sehemu ambayo leo ni Nepal, karne kadhaa kabla ya Nabii Isa (amani imshukie). Masimulizi ya wafuasi wake yanasema alikuwa mtoto wa mtawala, akaacha raha za nyumbani baada ya kuona uzee, maradhi na mauti. Alijitesa kwa njaa miaka kadhaa, akaona haimfikishi popote. Akakaa chini ya mti kutafakari, na hapo ndipo wafuasi wake wanaposema aliamka. Neno "Budha" maana yake ni aliyeamka.

Msingi wa mafundisho yake ni mambo manne: maisha yana mateso, mateso yanatokana na uchu wa nafsi, uchu ukizimika mateso hukoma, na iko njia ya kuuzima, yenye sehemu nane, kuanzia mtazamo sahihi na maneno sahihi hadi kazi ya halali na utulivu wa akili. Mfuasi wa kawaida hushika makatazo matano: asiue, asiibe, asifanye uchafu wa zinaa, asiseme uongo, asitumie vileo.

Ukiyasoma makatazo hayo utaona mengi unayoyajua. Usidanganyike, lakini, ukadhani tofauti ni ndogo. Katika Ubudha hakuna Muumba anayeabudiwa. Hakuna Siku ya Hesabu kama tunavyoiamini. Kuna mzunguko wa kuzaliwa upya kulingana na matendo. Sisi tunasema dawa ya moyo ni kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Wao wanasema dawa ni kuuona ukweli wa mambo na kuachilia. Hapo ndipo njia zinapoachana, na ni bora kusema hivyo wazi kuliko kuchanganya ili tupendeze.

Wabudha nao si kundi moja. Walio Sri Lanka, Thailand na Myanmar wengi hufuata Theravada. Walio China, Korea, Japani na Vietnam wengi ni wa Mahayana. Tibet ina mapokeo yake. Anayesema "Wabudha wote wanaamini hivi" ni sawa na yule anayesema "Waislamu wote wako hivi" baada ya kukutana na mmoja kituo cha basi.

2. Jinsi jamii yao inavyoishi

Uti wa mgongo wa jamii ya Kibudha ni uhusiano kati ya watawa na watu wa kawaida. Mtawa wa Theravada haoi, halimi, hapiki, na hali chakula kigumu baada ya adhuhuri. Kila siku anaishi kwa sadaka. Watu humpa chakula, naye huwapa mafundisho, huwatembelea wagonjwa na husimamia mazishi. Watu wakikosa imani naye, hana chakula. Kwa hiyo mtawa analazimika kuwa karibu na watu wake kila uchwao.

Sisi hatuna utawa. Qur'ani katika Suratul Hadid aya ya 27 inautaja utawa wa waliotangulia kuwa ni jambo walilolizua wenyewe. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, watu watatu walitaka kuzidisha ibada: mmoja asilale usiku, mmoja afunge daima, mmoja asioe. Mtume (rehma na amani zimshukie) akawakataza, akawaeleza kwamba yeye hufunga na hufungua, huswali na hulala, na huoa. Hukumu hiyo iko wazi. Lakini swali la mfumo wao linabaki kwetu: imamu wa kijijini kwetu anakula nini? Ni nani anayejua kama mwalimu wa madrasa amelala na njaa?

3. Wabudha wa Afrika Mashariki

Dar es Salaam, eneo la Upanga, kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa mwaka 1920 na Wasinhala kutoka Sri Lanka, nchi iliyoitwa Ceylon wakati huo. Hekalu hilo hutajwa mara nyingi kuwa la kwanza barani Afrika. Walikuwa watu wachache waliokuja kutafuta kazi chini ya utawala wa kikoloni. Wakaunda jumuiya yao, wakapata kiwanja, wakapanda mti wa aina ile ambayo Budha alikaa chini yake, wakaleta watawa kutoka kwao. Wengi wa wazao wao walihama baadaye, lakini hekalu halikufungwa. Limeendelea kukaa ndani ya mji wenye misikiti na makanisa mengi.

Mfano wa pili uko Uganda, na huo unatugusa zaidi kwa sababu ni habari ya mwanafunzi. Kijana wa Kampala, Steven Kaboggoza, aliyelelewa katika Ukatoliki, alikwenda India mwaka 1990 kusoma chuo kikuu Chandigarh. Huko akakutana na watawa wawili vijana kutoka Thailand, nao ni wanafunzi kama yeye. Wakawa marafiki. Kupitia kwao akaanza kusoma na kufanya mazoezi ya kutafakari, akaendelea kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali, na mwaka 2002 akawekwa wakfu kuwa mtawa huko California, Marekani, kwa jina la Buddharakkhita. Mwaka 2005 alianzisha kituo cha Kibudha karibu na Entebbe. Amesimulia jinsi watu wa kwao walivyomshangaa: kichwa kimenyolewa, amevaa shuka la rangi ya udongo, na bakuli lake la sadaka wengine wakalidhani ngoma. Baadaye mama yake mzazi naye alimfuata, akawa mtawa wa kike.

Ndugu msomaji, soma habari hiyo ukiwa kiongozi wa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Hakuna kitabu kilichomtoa kijana yule alikokuwa. Hakushindwa katika mjadala. Alikuwa ugenini, na watu wawili wakamkaribisha. Wanyarwanda wangapi leo wako India, kwenye mabweni, mbali na nyumbani? Wangapi ni Waislamu ambao tangu waondoke Kigali hakuna aliyewapigia simu kuuliza hali zao? Tunapanga mihadhara mikubwa juu ya kulinda imani, lakini orodha ya namba za simu za wenzetu waliosafiri hatuna.

Na igeuze habari hiyo upande wa pili. Wapo waliosilimu katika vyuo vyetu. Siku ya shahada tunapiga takbira na picha. Ramadhani ya kwanza wanafuturu na nani? Sikukuu ya kwanza, ambapo familia imewasusa, wanakula wapi?

4. Dini inapoingia kupitia shule na mkate

Mibirizi inalijua jambo hili vizuri. Wamisionari wa Kikatoliki walipofika hawakujenga kanisa peke yake. Shule na matibabu vilifuata, na kahawa ikapandwa. Wakati wa ukoloni, shule nyingi za Rwanda zilikuwa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiislamu alipotaka kusoma alikutana na shinikizo la kubatizwa. Wazazi wengi waliamua bora mtoto asisome. Ndiyo sababu moja kubwa ya Waislamu wa Rwanda kubaki nyuma kielimu kwa miaka mingi, wakajulikana kwa biashara, udereva na ufundi.

Kusini mwa kanda yetu, Wabudha nao wamepita njia inayofanana. Nchini Malawi, mtawa kutoka Taiwan alianzisha vituo vya kulea yatima viitwavyo Amitofo Care Centre. Watoto wanapata chakula, elimu, lugha ya Kichina na mazoezi ya kungfu, pamoja na mafundisho ya Kibudha. Filamu ya Buddha in Africa ya mwaka 2019 imeonyesha mvutano anaoupata kijana anayekulia huko: amshukuru aliyemlea, na bado awe mtoto wa kijiji chake.

Tusiwe wepesi wa kulaani. Mtoto mwenye njaa alilishwa. Swali ni letu: yatima wa Kiislamu aliye Rusizi, ada yake analipa nani? Na sisi tunapolisha, je, tunalisha kwa sababu mtoto ana njaa, au kwa sababu tunamhesabu? Suratul Insan inawasifu wanaolisha maskini, yatima na mateka wakisema hawataki malipo wala shukrani. Mateka wa wakati ule hakuwa Muislamu, na hakuwekewa sharti.

5. Wanazuoni wetu waliwaandikaje

Wapo wanaodhani Uislamu ulikutana na Ubudha juzi. La hasha. Jeshi la Muhammad bin al-Qasim lilipoingia Sindh katika miaka ya 711 na 712, lilikuta Wabudha na Wahindu. Al-Baladhuri anasimulia kuwa Muhammad aliyafananisha mahekalu ya huko na makanisa ya Wakristo, masinagogi ya Mayahudi na nyumba za moto za Majusi, akawaacha wenyewe na ibada zao kwa makubaliano. Mafaqihi walitofautiana baadaye: Hanafi na Maliki waliruhusu mikataba hiyo kwa wasiokuwa watu wa Kitabu, na Shafi'i waliibana zaidi. Tofauti hiyo ni ya kielimu, na mwanafunzi aijue kabla ya kunyanyua sauti.

Familia ya Barmaki, iliyotoa mawaziri wakubwa wa Baghdad chini ya Harun al-Rashid, ilitokana na wasimamizi wa hekalu la Kibudha la Nawbahar mjini Balkh. Al-Shahrastani, aliyefariki mwaka 1153, aliwaeleza Wabudha katika kitabu chake cha dini na madhehebu kwa utulivu, hata akasema kwamba, ikiwa wanayoyasimulia ni kweli, Budha wao anafanana na Khidhri. Hakusema ni nabii; alitafuta mfano ambao msomaji wake ataelewa.

Mkubwa wao katika jambo hili ni al-Biruni. Alijifunza Kisanskriti ili aandike juu ya India, na kitabu chake kilikamilika karibu mwaka 1030. Kuhusu Wabudha aliandika machache, na alieleza sababu: hakupata kitabu chao wala hakukutana na Mbudha wa kumfundisha. Mtu aliyejua lugha, hesabu na nyota kuliko watu wa zama zake alinyamaza pale ambapo hakuwa na chanzo. Sisi tunaandika kurasa nzima kwenye makundi ya WhatsApp juu ya dini ambayo hatujasoma hata ukurasa mmoja wake.

6. Mtawa anayechochea, na mtawa anayefungua lango

Hapa ndipo mioyo inapochemka, na ina haki. Kuanzia Agosti 2017 zaidi ya Warohingya 700,000, Waislamu, walikimbia Myanmar kwenda Bangladesh. Vijiji vilichomwa, watu waliuawa, wanawake walidhalilishwa. Kabla ya hapo mtawa Ashin Wirathu alikuwa amezunguka akihubiri chuki dhidi ya Waislamu. Sri Lanka nako, mwaka 2018, misikiti na maduka ya Waislamu yalishambuliwa wilayani Kandy. Na wakati wa Korona, serikali ililazimisha maiti zote za ugonjwa huo zichomwe, za Waislamu zikiwemo, hadi amri ilipoondolewa mwaka 2021.

Kwa hiyo anayesema Ubudha ni dini ya amani tupu hajasoma habari. Lakini na anayesema Wabudha wote ni wauaji hajasoma nusu ya pili. Machi 2013, mjini Meiktila, Myanmar, ghasia zilipozuka, mtawa U Withuddha aliwafungulia Waislamu lango la monasteri yake. Mamia walijificha humo. Umati ulipokuja kuwadai, alikataa kuwatoa.

Msomaji wa Rwanda hahitaji kufafanuliwa hilo. Aprili 1994 watu waliokimbilia parokia ya Mibirizi waliuawa, na waliowaua wengi walikuwa wamebatizwa kama wao. Katika siku hizohizo wapo Waislamu waliowaficha jirani zao majumbani na misikitini, na baada ya vita Wanyarwanda wengi waliingia Uislamu kwa kuliona hilo. Tulitaje kwa shukrani, lakini kwa adabu: wapo pia waliobeba majina ya Kiislamu na mikono yao haikuwa safi. Dini iliyoandikwa kwenye karatasi haimzuii mtu kuua. Kinachomzuia ni hofu ya Mungu iliyomo moyoni, au kwa asiyemjua Mungu, dhamiri aliyoilea kwa miaka.

Kuna uzi mmoja unaounganisha Rwanda na Warohingya. Abubacarr Tambadou wa Gambia alifanya kazi katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa mahakama ya Arusha iliyohukumu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Baadaye, akiwa waziri wa sheria wa nchi yake, alitembelea kambi za wakimbizi Bangladesh, akasikia ushahidi, na akautambua, kwa sababu alishasikia maneno kama hayo kwa Wanyarwanda. Novemba 2019 Gambia iliishtaki Myanmar katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na Januari 2020 mahakama iliiamuru Myanmar iwalinde Warohingya waliobaki. Hakulipiza kwa kumtukana Mbudha wa jirani. Alipeleka ushahidi mahakamani. Huo ndio msaada ambao msomi wa sheria anaweza kuwapa waliodhulumiwa.

7. Muongozo wa vitendo

Kwanza, kauli. Suratul An'am aya ya 108 inakataza kuvitukana vinavyoabudiwa na wengine, wasije wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa ujinga. Kumcheka mtawa kwa kichwa chake au kulikejeli sanamu mbele ya anayeliheshimu si da'wa.

Pili, uadilifu. Suratul Mumtahina aya ya 8 inatufungulia wema na haki kwa wasiotupiga vita wala kututoa majumbani mwetu. Mwanafunzi wa Sri Lanka anayekaa na wewe bweni moja hakuchoma msikiti wa Kandy.

Tatu, mipaka. Kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, Wabudha hawamo katika watu wa Kitabu. Kwa hiyo nyama waliyochinja haituhusu, na ndoa nao haifai mpaka mwenzako asilimu kwa kuridhia kwake. Kula wali na mboga kwao, kuwatembelea wakiwa wagonjwa, kusoma nao na kufanya nao biashara hakuna ubaya.

Nne, kutafakari. Tenganisha dawa na ibada. Kukaa kimya na kuvuta pumzi taratibu ili moyo utulie kabla ya mtihani ni kama mazoezi ya viungo. Kuinamia sanamu, kuimba maneno ya kutukuza asiyekuwa Mwenyezi Mungu, au kuitakidi kuwa humo mna wokovu, hilo ni jambo jingine na halitufai. Ukiwa na shaka juu ya semina fulani, muulize sheikh wako ukimweleza hasa kinachofanyika humo. Na jiulize mwenyewe: unayetafuta utulivu kwenye simu, sala yako inachukua dakika ngapi?

Tano, ulinzi wa wenzetu. Kila jumuiya ya chuo iandike majina ya wanafunzi wa Kiislamu waliokwenda nje na ya waliosilimu, na kila mmoja awe na ndugu wa kumjulia hali walau mara moja kwa mwezi. Kazi hii haihitaji mfadhili.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Taja jambo moja ambalo Uislamu na Ubudha vinakubaliana katika tabia, na jambo moja la itikadi ambalo haviwezi kukubaliana. Kwa nini ni muhimu kuyataja yote mawili?
2. Kwa nini al-Biruni aliandika machache juu ya Wabudha? Je, sisi tunafuata adabu hiyo tunapozungumzia madhehebu mengine, hata ya Kiislamu?
3. Jirani asiyekuwa Muislamu akiulizwa Waislamu wa mtaa wenu wakoje, atasimulia tendo gani?
4. Ni nani katika jumuiya yenu anayeijua hali ya imamu, ya aliyesilimu karibuni, na ya aliye masomoni ugenini?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuongezee elimu yenye manufaa, awahifadhi ndugu zetu walioko kambini na walioko ugenini, na atujaalie kuwa watu ambao jirani akikimbia atajua mlango wa kugonga. Aamin.

Wabillahi tawfiq.